Mababu Niliompa Maitreya

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Iftin ametuma sura ya tatu ya tasnifu yake kutoka Nairobi. Nisahihishe Kiswahili tu, kasema. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, kazi yangu hiyo. Akiikabidhi Ijumaa, Desemba yuko nyumbani, na nitapeleka wazee kwao kumposa inshallah. Miaka mitatu nimemkosa. Hata kugombezwa naye natamani.

Anachunguza asili ya Maitreya, bodhisatva ambaye Wabuddha wanamsubiri aje kuwa Buddha. Amefukua maandiko yao ya kale kabisa akamkuta katika hotuba moja tu. Jina, na kwamba atakuja. Basi.

Jumanne, 4 Novemba
Nilipita kumsalimia Ebla, mama yake Iftin. Nikamkuta Dekow wa ofisi ya mifugo, naye anamtaka Iftin, na amekuja na maziwa ya ngamia. Akaanza kuhesabu mababu zake, maana kwetu ukoo ndio sifa ya mposaji, mpaka wa ishirini na mbili, bila kumeza mate. Mimi nilikwama kwa wa kumi na tatu. Ebla akaniuliza kwa upole, "Kwani nyinyi mlianzia hapo?" Chai ilinishinda.

Jumatano, 5 Novemba
Namwonea huruma Maitreya. Mtu hana hata baba! Akija, nani atampokea? Nimempa baba, babu na wengine kumi na watano, majina ya heshima, nikawapachika hapa na pale. Sura imenona. Nimetuma. Dekow haya hayawezi.

Jumatatu, 10 Novemba
Balaa. Profesa ameuliza mababu wametoka andiko lipi. Iftin aliikabidhi sura bila kuisoma tena, kwa kuniamini. Imerudishwa. Sasa atakuja Agosti.

Alinipigia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema taratibu kwamba Maitreya hahitaji ukoo, watu wamemsubiri zaidi ya miaka elfu mbili kwa jina tu. Nilitaka kumwambia mimi hata Agosti siiwezi. Nikasema sawa. Kaniomba niondoe kila babu niliyemweka, nisiguse kingine.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimewaondoa wote kumi na saba. Nikabaki namtazama Maitreya pale ukurasani, mpweke, bila mtu. Nikamkumbuka Iftin.

Nimemwekea mama. Mmoja tu, wa ukoo mzuri. Nimetuma.