Watoto Wako Juu, Wazazi Wako Wapi

Jumanne, 4 Machi
Somo la tatu la Ndoa Imara, ukumbi wa chini kanisani, hapa Toledo. Mada: Kumsikiliza Mwenzako. Jozi nane za wanandoa zilisaini, zikala tambi zangu, zikatoweka. Nikafundisha viti. Wasipobaki darasani, wafadhili watafunga mradi na kazi yangu imekwisha. Lakini ajabu: juu kwa Marguerite, mlezi wa watoto wao, watoto kumi na mmoja! Aliniuliza kama aniazime wawili wanisikilize. Simpendi yule mama.

Nyumbani mke wangu Lorene alitaka kuniambia jambo. Nilimwomba asubiri, nilikuwa nafikiri.

Alhamisi, 6 Machi
Bahati nasibu: sufuria ya umeme kwa atakayekuwepo mwisho. Kashinda Marguerite. Alikuwa ameshuka kutafuta tishu.

Lorene kaniuliza mara ya mwisho tulikaa wawili tu ilikuwa lini. Eti amechoka kuongea na mgongo wangu, ataenda kwa dada yake, mji wa Dayton. Swali zuri sana. Nimeliandika kwa ajili ya somo la tano.

Jumanne, 11 Machi
Nimewapata! Nilijibanza nyuma ya pipa la taka kwenye maegesho. Magari manane, vioo vimejaa ukungu. Niligonga la kwanza. Rusty na Tawnya, wanafunzi wangu, wanakula viazi vya kukaanga na kucheka. Rusty akaniuliza, we kaka, huna kwako? Yeye hufanya kazi usiku, mkewe mchana, watoto watatu, chumba kimoja. Huu ndio muda wao pekee. Tawnya akasema somo langu wanalipenda mno, hasa pale watoto wanapochukuliwa.

Nilisimama kwenye theluji nikitamani kujua wanaongea nini. Walionekana wana raha kweli. Kinachokosekana ni kipaza sauti.

Alhamisi, 13 Machi
Nimefundishia maegeshoni, kwa kipaza sauti. Kumsikiliza Mwenzako, marudio. Magari yakahamia kwenye duka la ng'ambo ya barabara, moja moja. Likabaki moja. Mwanafunzi mwaminifu, hatimaye! Nikakimbia na karatasi ya mahudhurio, nikagonga kioo.

Lorene. Na baga mbili. Akasema wenzake wanakaa hapa wawili wawili, naye kaja kujaribu. Akaniambia, ingia basi, Delbert, zinapoa. Nilitamani, kusema kweli. Nikamweleza zimebaki kurasa nne tu za somo, na kwa sasa asaini mahudhurio, na kwenye nafasi ya mume asaini pia.

Akawasha gari. Ameshafika Dayton, dada yake kanipigia.

Nimenunua kufuli la geti la maegesho. Jumanne wakishaingia, hatoki mtu.