Ya Moto au ya Baridi?

Jumanne, 4 Machi

Siku njema kupita zote! Msusi amekubali. Yaani amekubali nusu: yeye yuko tayari, ila niwaone kwanza wazee wake wawili, baba yake na mjomba wake. Wakinipenda, mwezi wa tano naoa. Wasiponipenda, nitabaki na makochi yangu.

Kuwapata si kazi. Wote wako baa ile ile kila jioni, ile ya nyuma ya kituo cha mafuta. Kazi ni kwamba hawakai pamoja. Wamegombana tangu Msusi akiwa mtoto, na ugomvi wenyewe ni wa bia. Baba, mpima ardhi mstaafu, hunywa ya moto, ile inayotoka kwenye kreti bila kuonana na friji. Mjomba ni fundi wa friji, na kwake bia isiyouma meno ni uji. Kwa hiyo baba hukaa ukutani karibu na makreti, na mjomba hukaa karibu na friji, kaiegemea kama anauguza ndugu.

Nikaanza na baba. Shikamoo ya mikono miwili. Akaniuliza huwa nakunywa nini. Nikachungulia chupa yake: kavu. Nikasema ya moto, baba, tangu ujana wangu. Akafurahi mno. Akasema baridi inaupiga ulimi ganzi, halafu mtu anatoka pale anajisifu kuwa amekunywa. Nikasema maneno hayo hayo ndiyo ninayowaambia watu kila siku.

Nikaenda msalani. Mjomba akanidaka njiani. Swali lile lile! Chupa yake ilikuwa inatiririka jasho. Nikasema ya baridi, mjomba, ikiwezekana iwe na chembe za barafu. Akanikumbatia. Akaniita mwanangu.

Wawili kwa jioni moja. Wanaosema mshika mbili moja humponyoka hawana vidole vya fundi.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Msusi kapita karakana asubuhi, nikiwa nabandua kitambaa cha zamani kwenye makochi ya daktari wa meno. Alikuwa na habari. Akaanza kucheka kabla hajaisimulia, ndivyo alivyo, hucheka kwanza yeye mwenyewe hadi machozi, na wewe unasubiri na nyundo mkononi hujui unasubiri nini. Kumbe wazee wote wawili wamenisifu, kila mmoja kwa wakati wake. Na kwa ajili yangu wamekubali kukaa meza moja Jumamosi. Nikacheka naye. Alipoondoka ndipo kicheko kikanikauka mdomoni.

Meza moja! Mhudumu atasimama pale aulize ya moto au ya baridi. Wazee wawili watanigeukia. Nitasema nini?

Nikafikiri: basi niseme ukweli. Mimi mwenyewe napenda ipi? Nikanunua chupa mbili, moja nikaizamisha kwenye beseni la barafu, nyingine nikaiacha dirishani. Nikaonja. Ya moto nilipoinywa nikimfikiria baba, ilikuwa tamu kweli, niliusikia hata ule uchungu wa nyuma ya ulimi anaousifu. Ya baridi nilipoinywa nikimfikiria mjomba, Mungu wangu, raha! Nikajaribu kunywa bila kumfikiria mtu. Haikuwa na ladha yoyote. Nikanywa tena kuhakikisha. Nikamaliza zote mbili, sijui chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Penye nia pana njia.

Wazee wanajuaje bia ya mtu ni ya moto au ya baridi? Kwa macho na kwa vidole. Chupa inatoka jasho au haitoki. Basi chupa isionekane na isishikike. Nitaivalisha. Sponji ninayo, na vipande vya mahameli ya kijani vilivyobaki kwenye makochi ya daktari wa meno vipo, havina kazi. Nimeshona soksi ya chupa, imekaa vizuri, ina mshono wa mara mbili chini. Baba akiiona atajua naikinga bia na baridi. Mjomba atajua naikinga na joto. Wote watakuwa wamesema kweli, na mimi sitakuwa nimesema neno.

Moja tu lakini itazua maswali. Nikashona tatu. Mbili zawadi kwa wazee, moja siri yangu. Zote sawasawa kabisa, rangi moja, kipimo kimoja. Fundi wa makochi hashoni kitu kimoja kimoja, anashona seti.

Jirani yangu Mpiga Picha, yule wa picha za pasipoti, akaja kuchungulia. Huyu aliwahi kumposa Msusi akakataliwa, na hadi leo wanasalimiana vizuri, jambo ambalo siwezi kulielewa. Yeye kinywaji chake ni jin na toniki na kipande cha tango. Tango! Mboga ndani ya pombe! Nilimwuliza aliiga kwa nani. Akasema hakuiga, anaipenda tu. Nikamwuliza wakubwa wake wanasemaje. Akasema hajawahi kuwauliza. Kuna watu wamelelewa hovyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwona Dada wa Kaunta, nimempanga. Kesho avalishe chupa soksi huko huko nyuma, azilete mezani zimeshavaa. Ya baba itoke kwenye kreti, ya mjomba itoke kwenye friji. Akauliza, na yako? Nikakwama. Nikamwambia aitoe kwenye friji mapema, aiache kaunta ipoe kidogo, yaani ipoe kwenda juu, isiwe ya huyu wala ya yule. Hivyo hata mtu akiniapisha, nitakuwa sijamdanganya yeyote.

Akaniangalia sana. Akauliza kama nina homa.

Msusi kaniletea maandazi. Amekula yeye mengi zaidi, akianza na kona zilizoungua, anasema hizo ndizo zenye maana. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa nashona.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui pa kuanzia.

Tulianza vizuri! Wazee wakakaa meza moja, ya katikati, huyu hataki ukutani na yule hataki frijini. Nikawatambulisha kwa soksi zao kabla hazijafika, nikasema ni kazi ya mikono yangu. Dada wa Kaunta akaleta chupa tatu za kijani. Baba akaishika yake, akaibonyeza, akasema hatimaye amepatikana kijana anayejua bia inaumizwa na upepo. Mjomba akasema hatimaye amepatikana kijana anayejua baridi ni mali, na mali hufunikwa. Wakatazamana. Wakagonganisha chupa! Msusi alikuwa ameketi pembeni yangu, akanibana kidole chini ya meza.

Wakanywa.

Baba akafumba jicho moja na kushika shavu. Mjomba akatema kwenye leso, akauliza nani amemletea chai.

Seti! Chupa tatu, nguo moja, kipimo kimoja, na Dada wa Kaunta ana macho mawili tu kama binadamu wengine. Hata mimi niliyezishona nisingejua ipi ni ya nani. Baba akamlaumu mjomba kuwa ni hila zake za miaka yote. Mjomba akamwambia hila ni kuweka bia karibu na ukuta unaopigwa na jua. Wakasimama. Halafu wakanigeukia kwa pamoja.

Baba akaomba kuishika yangu. Nikasema haina haja. Akaivua soksi mwenyewe, kwa adabu, kama anamvua mtoto viatu. Akaigusa. Akampa mjomba. Mjomba akaigusa. Wakasema neno moja kwa sauti moja, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwao: vuguvugu.

Ikatoka yote. Kwamba baba nilimwambia moto, mjomba nikamwambia baridi, kisha nikaagiza katikati. Baba akasema shemeji yake ni mpumbavu wa friji, amesema hivyo miaka yote na atasema hadi kaburini, lakini ni mpumbavu mwenye msimamo. Mjomba akashukuru. Akaniuliza, taratibu kabisa, kwa hiyo mwanangu wewe unapenda nini. Nikamtazama yeye. Nikamtazama baba. Nikasema chochote watakachoagiza wao, wazee wangu.

Kwenye meza ya jirani, Mpiga Picha alikuwa anatafuna tango lake. Alitazama pembeni, nadhani kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Msusi akachukua mkoba wake akaondoka. Sikuelewa. Adabu nilikuwa nayo hadi mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja karakana. Amekaa kwenye kochi ambalo bado halina sponji, juu ya springi tupu, na hakujali.

Kasema wazee wameshapoa. Wamemwachia yeye mwenyewe aamue, na wamekubaliana hivyo wakiwa meza moja. Nikashangilia. Akaniambia nisishangilie. Akauliza kitu ambacho hakihusu bia hata kidogo: je, yeye nampenda kwa lipi?

Rahisi! Nikasema kwa yote.

Akasema yote ni sawa na chochote, na hilo ndilo jibu nililompa baba yake na mjomba wake. Anataka moja tu. Dogo, hata la kijinga, lakini liwe langu. Kesho na kesho kutwa nifikirie, Jumatano jioni nimjibu. Nikikosa, nisimtafute tena. Hakuwa na hasira aliposema hivyo. Afadhali angekuwa na hasira, hasira ningeijua.

Na kusema kweli sikushika maneno yake yote, kwa sababu wakati anazungumza alikuwa anaokota nyuzi kwenye mkono wa shati langu, moja moja, anazipanga kwenye ubao wa kochi, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Nilikuwa naviangalia vidole vyake, nikasahau hata kuvuta pumzi. Alipoondoka nikajilaumu. Mtu anapewa mtihani wa maisha yake, badala ya kusikiliza anaangalia nyuzi!

Nimeshikwa na hofu. Nampenda. Ninajua nampenda kwa sababu siwezi kula. Lakini kwa lipi?

Jumatatu, 10 Machi

Nikaona tatizo ni kwamba sina ladha. Mtu asiyejua kinywaji chake atajuaje mengine? Basi nianze na kinywaji, mengine yatafuata.

Nikaenda baa mapema kabla ya wazee. Nikamwomba Dada wa Kaunta anipangie kila kitu, kidogo kidogo. Wiski: kiti kilichoungua. Ramu: sukari iliyosahauliwa jikoni. Jin na toniki: hospitali, lakini kuna mtu kaleta maua. Bia nyeusi: mkate ulioomba msamaha. Akanichanganyia pia ramu, ndimu na soda ya tangawizi, akatia barafu, na hapo nikahisi kitu, nikahisi kabisa, kama mtu anabisha hodi mlango wa mbali.

Akaniuliza nimependa ipi. Nikamwuliza ipi inanunuliwa zaidi.

Akakusanya glasi zote. Hata ile ya tangawizi niliyokuwa sijaimaliza! Huduma imeshuka sana pale.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefanya kazi kwa akili. Asiyejua huuliza. Na nani anamjua Msusi kuliko waliomlea?

Nimekwenda kwa baba. Nimemwuliza, kwa heshima zote, mtu akitakiwa kumpenda binti yake kwa jambo moja, jambo hilo lingekuwa lipi. Alinitazama kama ramani iliyochorwa na mlevi. Akajibu: ugumu wake. Akishasimama mahali, hata trekta haimhamishi. Asante sana! Nikaandika kiganjani.

Nikakimbilia kwa mjomba. Alikuwa ndani ya friji ya mtu, miguu tu iko nje. Akasema kutokea humo humo: ulaini wake. Hajawahi kumwona mtu mwenye moyo laini kama yule, hata mbwa wa jirani anamlilia. Nikaandika kiganja cha pili.

Nimesimama barabarani natazama viganja vyangu. Mgumu. Laini. Jamani! Hawa wazee hawawezi kukubaliana hata kuhusu mtoto wao mmoja?

Nikapita kwa Mpiga Picha, nikamwuliza yeye alimpendea nini siku zile. Akasema hilo ni lake. Choyo.

Kurudi, nikapita dirishani pa saluni ya Msusi. Nilitaka tu kumchungulia, labda nipate la kuandika. Mteja wake alikuwa amesinzia kitini, mama mtu mzima, kichwa kimeshukia begani. Msusi alikuwa ameacha kusuka. Amekishika kichwa kile kwa mkono mmoja kisianguke, na kwa mkono mwingine anakula karanga, polepole, anazimenya kwa kidole gumba ili zisipige kelele. Foleni ya wateja inamsubiri, yeye wala. Nikasimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Nilipozinduka jua limeshazama na karakana iko wazi, na sijapata hata neno moja la kumwambia.

Muda wote huo nimeupoteza bure.

Lakini sikati tamaa. Nimekaa, nimepiga hesabu za mambo, nimeona njia. Kesho nitamwambia kwamba ninachopenda kwake ni ugumu wake, na ulaini wake pia, ila usizidi huu wala usizidi ule, katikati hivi. Baba atafurahi. Mjomba atafurahi. Yeye mwenyewe sijui atanuna kwa lipi.