Mbuzi wa Maegesho

Waliokuwepo leo ni hawa, nawataja kabisa ili asije mtu kesho akasimulia kana kwamba aliniona peke yake. Mdogo wangu Sabina, anayeposwa. Mdogo wetu wa mwisho, Weigesa, miaka minane. Baba mdogo Magesa, aliyekuja kutoka Nyamuswa na lile koti lake la misibani. Mama Furaha, jirani, na sufuria zake. Upande wa wakwe, kutoka Bunda: Mzee Masatu, msemaji wao, mke wake, kijana mwenyewe anayeoa, na dada wa huyo kijana, mwenye mtoto mchanga. Na mlinzi wa supamaketi, ambaye jina lake silijui wala sitaki kulijua.

Mbele ya hao wote, leo nimeumbuka.

Kwa wasionifahamu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama ana mimba ya Weigesa. Nikaacha shule. Miaka mitatu baadaye mama naye akaondoka. Tangu hapo, katika nyumba yetu ya Makoko mkubwa ni mimi, na tunachokula kinatoka kwenye bajaji ninayoendesha. Nyuma imeandikwa KILA MTU NA NAFASI YAKE. (Niliona ni maneno ya hekima. Yakumbukeni.)

Sheria ya nyumba yetu ni moja: hakuna anayeniita mama. Mama yetu ni mmoja, amelala Butiama. Mimi ni dada.

Sasa, leo wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Kwetu ng'ombe wanapokelewa na mzazi, na mzazi anakaa kwenye kiti chake, wageni wamwone. Kiti cha baba kipo. Ni cha mvule, kina mikono, kimekaa ukutani sebuleni miaka minane bila mtu kukikalia. Baba mdogo alitaka akikalie yeye. Tena alitaka shughuli yote ihamie Nyamuswa, Sabina aolewe akitokea kwake.

Sabina akagoma. "Aliyenilea ni dada. Dada asipokaa, mimi siolewi."

Baba mdogo akakubali kwa shingo upande. Akaninyooshea kidole. "Haya, utakaa. Lakini ukiharibu jambo moja tu, unanyanyuka."

Jambo moja tu! Mimi nimeharibu kabla wageni hawajafika.

Wageni tuliwategemea saa saba. Saa tano Mama Furaha akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Soda ziko wapi?"

Soda hazikuwepo. Nilikumbuka mchele, nikakumbuka nyama, nikakumbuka mpaka vijiti vya meno. Soda nikasahau. Nikavaa koti langu la kazi lile linalong'aa, nikavaa kofia, nikampakia Weigesa anisaidie kubeba, tukaenda ile supamaketi mpya.

Jumamosi, mwisho wa mwezi. Uwanja umejaa magari. Bajaji huwa tunaegeshaga ng'ambo ya barabara, lakini mimi nilikuwa na kreti nne za soda za kubeba, na maji, na barafu, na jua linawaka. Ikabaki nafasi moja tu, karibu kabisa na mlango. Imepakwa rangi ya njano. Kibao kimeandikwa MZAZI NA MTOTO, na picha ya mama anasukuma kigari cha mtoto.

Nikaitazama picha. Nikamtazama Weigesa. Nikaingia.

Mlinzi akaja mbio. "Dada, hapo ni pa wazazi wenye watoto wadogo."

"Na huyu ni nini?"

Akamkagua Weigesa kuanzia kandambili mpaka kichwani. Mtoto ni mrefu, amechukua kwa baba. "Huyu? Huyu anaweza kuja kuegesha mwenyewe."

"Ni mtoto."

"Mtoto wako?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Ningewasha bajaji, nikavuka barabara, na sasa hivi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Badala yake nikasema, "Ndiyo. Mimi ni mama yake."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tano."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu! "Kwa hiyo ulimpata uko shule?"

"Niliacha kidato cha pili kwa ajili yake."

Na huo, wenzangu, haukuwa uongo. Lakini watu waliokuwa wanapakia mizigo wakaguna wote kwa pamoja. Mama mmoja akatikisa kichwa, akaniambia, "Pole, mwanangu. Mungu atakulipa." Nikaipokea pole yake. (Ndiyo. Niliipokea.)

Weigesa akanivuta koti. "Dada, si ulisema tusikuite mama?"

"Weigesa, nyamaza."

Hakunyamaza. Akamgeukia mlinzi, akamweleza kwa adabu zote, mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu. "Shikamoo. Mama yetu alikufa. Huyu ni dada."

Nimemfundisha mwenyewe kusema kweli. Miaka yote nimemfundisha. Amefaulu.

Yule mama aliyenipa pole akanitazama kama anataka aichukue arudi nayo nyumbani. Na nyuma yangu ikapigwa honi. Noah nyeupe. Dirishani kuna mzee mwenye kofia pana ya kahawia, na ndani mtoto mchanga analia kama king'ora.

"Binti," mzee akasema, taratibu tu, "tupishe hapo. Tuna mtoto amejichafua, mama yake ambadilishe."

Ningepisha. Najua. Siku nyingine yoyote ningepisha, na mtoto ningembeba. Lakini kichwani nilikuwa na kiti cha mvule, na kidole cha Baba mdogo, na saa inakimbia. Nikachomoa ufunguo.

"Mzee wangu, siku nyingine muwahi."

Nikaingia ndani. Foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye sabuni. Nilipotoka na kreti, Noah haikuwepo. Mlinzi hakunisaidia kubeba hata chupa moja.

Nyumbani nikaoga, nikavaa kitenge kipya, nikafunga kilemba. Sabina aliponiona akasema, "Umefanana na mama." Nikamwambia aache, wanja wake utaharibika. Nikakaa kwenye kiti cha baba, kwa mara ya kwanza. Miguu yangu inafika chini lakini kwa shida.

Saa saba wakwe hawajafika. Saa nane hawajafika. Sabina anachungulia dirishani. Baba mdogo anatazama saa yake, na kadiri dakika zinavyokwenda ndivyo anavyozidi kuchangamka. Unajua kwa nini? Kwa desturi mkwe akichelewa anatozwa faini kabla ya neno lolote. Na Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu.

Saa tisa kasoro gari likasimama barabarani.

Kilichotangulia kushuka ni kofia. Pana. Ya kahawia.

Sikumbuki nilivyofika uani. Nakumbuka tu nikiisukuma bajaji, na kitenge kipya, na viatu vya kuazima, mpaka nyuma ya banda la kuku. Nikaifunika turubai. Nikafuta jasho, nikarudi, nikakaa. Wageni wakaingia. Mzee Masatu akanipa mkono, akanitazama usoni, akasema, "Hamjambo hapa nyumbani?" Hakunitambua! Asubuhi nilikuwa dereva mwenye koti na kofia. Sasa ni mtu na kilemba chake. Nikamshukuru Mungu. (Mapema mno.)

Baba mdogo akasimama, akakohoa. "Wageni wetu, karibuni. Lakini mmetuweka tangu saa saba, na sasa ni saa tisa. Kwa desturi yetu sote, hiyo ni mbuzi mmoja." Akafurahia, akamalizia. "Siku nyingine muwahi."

Mzee Masatu akacheka mpaka akavua kofia. "Ajabu hii! Maneno hayohayo nimeambiwa leo asubuhi."

Mimi nikawa nasoma mikono ya kiti.

"Mbuzi tutatoa," akaendelea, "lakini tusikilizwe kwanza. Tulisema tusije mikono mitupu, tukasimama supamaketi. Mtoto huyu akajichafua. Pana nafasi mlangoni, ya wazazi na watoto, tukakuta bajaji imeikalia. Dereva binti, mlinzi akatuambia anadanganya mchana kweupe kuwa ni mama wa msichana mkubwa hivi! Nikamwomba atupishe, akaniambia siku nyingine tuwahi. Tukaenda kuegesha huko sokoni, tukatembea juani na mtoto. Tuliporudi, lori la mkaa limetuziba, dereva wake haonekani. Ndiyo saa zetu hizo."

"Hana adabu!" akasema Baba mdogo kwa uchungu wa kweli. "Siku hizi hawa watu wa bajaji!"

"Na nyuma ameandika," mzee akamalizia, "Kila mtu na nafasi yake."

Mama Furaha, mlangoni, akapaliwa na mate yake mwenyewe. Sabina akafumba macho. Baba mdogo akageuka polepole kunitazama, mdomo ukiwa bado wazi kutokana na hilo neno "bajaji". Na wakati huohuo Weigesa alikuwa anapita na jagi la kunawisha wageni mikono.

"Shikamoo, babu," akasema. "Wewe ndiye uliyepiga honi. Bajaji yetu iko nyuma ya banda la kuku. Dada ameifunika turubai."

Wenzangu. Kuna aibu ya kukufanya ukimbie, na kuna aibu inayokukalisha hapohapo kama umegongomewa misumari. Mtoto mchanga tu ndiye aliyesema kitu. Alicheua.

"Nyanyuka," akasema Baba mdogo.

Nikanyanyuka. Tulikubaliana: jambo moja tu. Nikaomba radhi, kwa mzee, kwa mke wake, kwa yule dada na mtoto wake. Sauti ilinitoka ndogo. Nikasogea ukutani, mahali pa watoto. Sabina akaanza kulia na wanja ukaharibika. Baba mdogo akalivuta koti lake, akakaa kwenye kiti cha baba. Kilimtosha vizuri. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko mbuzi.

"Sasa tuendelee," akasema. "Mzazi wa binti ni mimi."

"Vizuri," akasema Mzee Masatu. "Basi faini yetu tumegundua si yetu. Tumecheleweshwa na nyumba hii. Mbuzi tunadai sisi." Akamtazama Baba mdogo. "Na faini ya nyumba inalipwa na mzazi. Kwa hiyo tunakudai wewe."

"Mimi? Mimi sikuwepo hata!"

"Aliyekaa kwenye kiti ndiye anayelipa. Au Nyamuswa hamfanyi hivyo?"

Sijawahi kumwona Baba mdogo akinyanyuka haraka namna ile. Hata misibani, chakula kikiitwa, huwa anajivuta. "Aliyekosa alipe mwenyewe!" akasema. "Mimi ni msemaji tu hapa!"

"Basi arudi mwenye deni lake," akasema mzee. Akanigeukia, na kofia yake magotini. "Binti, asubuhi ulimwambia mlinzi wewe ni mzazi. Ulikuwa unadanganya?"

Nikamtazama Weigesa, maana ndiye msema kweli wetu. Alifikiri, jagi limemwelemea mikononi.

"Alidanganya hapo pa mama tu," akasema. "Barua za shule anasainigi yeye. Pale pa mzazi."

Nikarudi kwenye kiti. Kabla sijakaa vizuri, mke wa Mzee Masatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, akauliza, "Na hapo umekaa kwa haki, au kuna mtu nje anapiga honi?"

Walicheka wote. Hata Sabina. Nimechekwa na wakwe kabla hawajala wali wangu.

Ng'ombe wamekubaliwa, watakuja hapa Makoko, na Sabina atatokea hapahapa. Baba mdogo ameondoka bila kuniaga, lakini nyama ya kufungasha amechukua. Mzee Masatu alipofika mlangoni akanikumbusha: mpaka mbuzi atakapofika Bunda, mzazi anayemjua ni mimi, hataki kuzungumza na mtu mwingine wa nyumba hii.

Sasa ni jioni, vyombo vimejaa karai. Weigesa ameniuliza, "Dada, kwa hiyo wewe ni mzazi?" Nimemwambia akalete sabuni. Kiti sijakirudisha ukutani bado.

Msinicheke. Na kama kuna mwenye mbuzi wa kunikopesha, tafadhali, asinitafute kwanza.