Kamati ya Jicho la Mkurugenzi

Idara ya Vibali vya Macho inayo furaha kuutangazia umma kwamba foleni mbele ya ofisi zake imekomeshwa rasmi. Wananchi waliosimama kwenye foleni hiyo wanaombwa kulizingatia tangazo hili wakiwa palepale walipo.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Idara, na sioni haya kusema lilikuwa zuri. Afisa Habari alilisoma kwenye kipaza sauti kwa hisia kali. Foleni ilipiga makofi, ikidhani mlango unafunguliwa.

Nieleze kidogo, maana watu wanapenda kutusema. Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho, kama mtaani wanavyodhani. Ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu. Daktari huitoa, huweka ya bandia, na mgonjwa hulala kwake siku hiyohiyo. Jambo jepesi namna hiyo haliwezi kuachwa hivihivi bila kibali. Ndiyo maana kanuni inataka kila mgonjwa akaguliwe kwanza na Mkurugenzi, kwa macho yake mwenyewe. Sasa, macho yenyewe ya Mkurugenzi yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Kwa hiyo ukaguzi ulisimama, na foleni nayo ikasimama.

Siku moja bosi alikwenda dirishani akauliza, "Katibu, kile cheusi kirefu kule nje ni nini?"

Nikafikiri haraka. Foleni tulishaikomesha. "Ua wa michongoma, mzee."

"Umestawi kweli. Umwagiliwe maji."

Ukamwagiliwa. Wananchi walipiga kelele, lakini agizo ni agizo.

Aliyelowa kuliko wote alikuwa mama mmoja fundi cherehani, wa mbele kabisa. Kila asubuhi alinivizia mlangoni. "Mwanangu, nishughulikieni. Nimeshashona kidole changu badala ya pindo. Wateja wamenikimbia, wajukuu wananitegemea mimi." Nilimhurumia sana, nikamwambia asubiri.

Mambo yangekwenda hivyo kwa amani kama bosi asingesimama kikaoni na kulipongeza kabati la mafaili kwa utumishi wake uliotukuka. Mkewe alipopata habari akasema basi, apasuliwe. Kanuni ikafuatwa: Mkurugenzi aliletewa kioo ajikague mwenyewe. Aliona ukungu mtupu, akajipitisha.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Lenzi, mwenyekiti nikiwa mimi. Daktari, mama mmoja mwenye haraka zake, alikuja kutuelimisha.

"Lenzi ya kawaida ina umbali wake mmoja," alisema. "Akichagua ya mbali, ataona barabarani vizuri, kusoma atavaa miwani. Akichagua ya karibu, atasoma bila shida, mbali atavaa miwani. Ipo pia ya kuona kote, ila usiku taa zinaweza kumzungushia miduara."

"Ya kuona kote?" Afisa Habari alishika kichwa. "Daktari, unatutakia mema kweli?"

"Ya mbali je?" nikauliza. "Ua ataona?"

"Ataona mpaka majani."

Kikao kikapoa ghafla.

"Mgonjwa mwenyewe anapenda nini?" daktari akauliza. "Maana huwa inategemea mtu na shughuli zake."

Nilimfahamisha kwa upole kwamba maoni ya mgonjwa yamo kwenye ajenda, chini ya mengineyo. Tukapitisha lenzi ya karibu kwa kauli moja. Suala la miwani ya mbali tukalipeleka kwenye kamati ndogo, ambayo bado hatujaiunda. Bosi alipewa taarifa kwamba amechagua vizuri.

Alipasuliwa jicho moja, likapona, kisha la pili. Aliporudi kazini alikuwa kama mtoto. Alisoma kila kibandiko mezani. Aliangalia viganja vyake, akacheka peke yake, na nakiri nilifurahi naye. Halafu akaenda dirishani.

"Ua wangu siuoni vizuri. Ngoja nikausogelee."

Jamani! Hilo kamati haikuliwazia. Katika utumishi wake wote bosi hakuwahi kusogelea kitu. Vitu ndivyo vilivyosogezwa kwake.

"Mzee, ua una miba!" Nilimkimbilia kwenye ngazi. Wapi! Alishuka, akavuka uwanja, akanyoosha mkono kushika jani, akashika sikio la mama fundi.

"Wee! Hilo sikio langu!"

Bosi aliinama mpaka pua zao zikakaribia kugusana. "Mama, unafanya nini kwenye ua wangu?"

"Ua gani, baba? Hii foleni."

"Foleni ilikomeshwa."

"Ndiyo, tulisikia. Tulipiga na makofi."

"Mnamngoja nani?"

"Mkurugenzi. Wanasema atatukagua kwa macho yake."

Mkono wa bosi uliokuwa sikioni ukashuka polepole. Akaagiza meza na kiti viletwe hapohapo, akaanza kukagua, mmoja mmoja, jicho kwa jicho.

"Mama, unataka ya mbali au ya karibu?"

"Ya karibu, baba. Mimi sindano yangu siitungi barabarani. Huko mbali nitavaa miwani."

"Umechagua mwenyewe?"

"Sasa nichaguliwe na nani, na jicho ni langu?"

Akasaini. Mama fundi aliondoka akikishikilia kibali kifuani kwa mikono miwili, akilia na kucheka.

Niliona ni busara nisogee kutoa ufafanuzi. Sikufika. "Foleni inaanzia nyuma, kaka," walisema kwa pamoja, na vipofu wale walinipisha kuelekea mkiani kwa ustadi wa ajabu. Afisa Habari alikuwa ameshatokomea. Nikapanga mstari, mkono begani kwa aliyenitangulia, kama wenzangu.

Jua lilikuwa limeshapoa nilipofika mezani. Bosi alinifungua kope kwa kidole gumba. Akaangalia la kulia. Akaangalia la kushoto. Akarudia la kulia.

"Wewe ndiye Katibu? Sauti naijua."

"Ndimi, mzee."

"Macho yako safi kabisa. Hayana hata doa."

"Ahsante, mzee."

"Na ofisi yako ina dirisha upande huu."

"Inalo, mzee."

Aliiachia kope yangu. "Kumbe muda wote huu ulikuwa unaona."

Foleni nzima iligeuka kunitazama, kila mmoja na ukungu wake. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, nilitamani sana kuwa na mtoto wa jicho.