Chumvi ya Ng'ombe kwa Boneti ya Madam

Jumamosi, 3 Agosti 2002

Madam Naliaka amekuja! Na Datsun yake nyekundu, rangi bado ya kampuni, ile babake alinunua ikiwa mpya halafu akampatia. Miiba ilikuwa imemchorea mlango. Nimefanya kazi vile inatakikana. Maji mengi kwanza, vumbi itoke bila kusuguliwa. Gari kivulini mpaka bati ipoe. Halafu kucha: ukipitisha kucha isikwame, mkwaruzo ni wa juu juu, utatoka. Kitambaa laini, kompaundi kidogo, ile dawa ya kung'arisha rangi, pole pole, unaangalia.

Kitambaa kikawa nyekundu, akashtuka. Nikamwambia ni rangi yenyewe inatoka kidogo, ndio maana mtu hasugui ovyo. Akasema kumbe Musila wa car wash ni daktari. Daktari! Na mimi shule niliachia class six.

Alikaa kwa kreti yangu ya soda akinipigia story za ofisi yao huko Kajiado, vile bosi analala akiwa ameshika kalamu ndio ionekane anaandika. Nikacheka mpaka mkebe ukaanguka. Halafu mkwaruzo ukaisha, akaenda.

Shida ya kazi nzuri ni hiyo. Inaisha.

Jumatano, 7 Agosti

Hajapita. Apite kufanya nini na gari inang'aa?

Kreti nimeipanguza. Macharia wa ng'ambo ya barabara, yule ako na mashine ya stima ya kung'arisha magari, amekuja ati kunisalimia, akaikalia. Nikamwambia inuka, iko na msumari. Akauliza tangu lini kreti ya soda ikawa na mwenyewe. Akasema madam wa ofisi ataolewa na mtu wa mashine, si mtu wa matambara. Mashine gani? Juzi imechoma rangi ya pickup ya watu mpaka bati ikaonekana!

Jioni, wazo. Mbuzi za Mzee Sankale, mfugaji jirani, zilikuwa zinalamba ile chumvi ya ng'ombe, zikipandana, zikipigana pembe. Na kila asubuhi zinapitia mbele ya ploti ya Madam. Mbuzi iko na kwato. Kwato ni mikwaruzo. Mikwaruzo ni Naliaka.

Hesabu imekubali!

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwita nikamwambia leo anaoshewa bure, kwa vile ni customer mzuri. Maji ya mwisho nimekoroga chumvi ya Sankale. Kidogo tu. Nikapitisha kwa boneti kama mtu anabariki.

Jumatatu, 12 Agosti

Amekuja mbio na leso kwa kichwa! Ati ameamka akapata mbuzi imesimama juu ya gari ikimwangalia kama landlord. Nikasikitika sana. Nikapiga mdomo, nikalaani mbuzi zote za Kitengela. Kucha haikukwama, Mungu ni mkubwa. Nikasugua pole pole. Pole pole sana.

Lakini leo hakuwa na story za bosi. Babake, Mzee Wakhungu, anakuja Jumapili kutoka Kimilili. Alipompatia gari alimwambia siku rangi ya kampuni itaharibika, gari inarudi nyumbani. Akaniambia bila hiyo Datsun ni kama hajawahi kutoka kwa boma ya babake. Alisema hivyo akiangalia chini. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia kompaundi imepanda bei.

Niachane na chumvi. Nimeamua.

Sasa nikiacha, Jumamosi atakuja kufanya nini?

Jumamosi, 17 Agosti

Jana alileta gari ioshwe, nikaweka. Kidogo tu. Sasa imelambwa na ng'ombe pia! Ulimi wa ng'ombe ni msasa, hakuna mtu aliniambia.

Kucha ikakwama. Hapo fundi mzuri anaacha, kwa sababu mkwaruzo umezidi rangi. Lakini alikuwa amekaa kwa kreti, magoti pamoja, akiniuliza kama itatoka. Ningesema aje haitatoka? Nikasugua. Kwa kona ya boneti kukatokea kijivu, ile rangi ya chini. Kijivu! Nikasimama mbele yake kama pazia, nikamtuma aninunulie soda, nikapaka polishi nyekundu ya viatu. Ikakubali. Amefurahi sana. Kesho nifike kwao, ati nimweleze babake vile rangi inatunzwa.

Kwao! Nimefua shati.

Jumapili, 18 Agosti

Mzee Wakhungu amevaa koti na jua hii yote. Akazunguka gari. Mimi nikaanza kumweleza mambo ya kucha, Naliaka akinitazama vizuri, vile sijawahi kutazamwa. Halafu mbuzi za Sankale zikaingia geti. Moja ikapanda boneti kabla sijamaliza sentensi.

Mzee akaifukuza. Akapitisha kidole kwa boneti, akakilamba. Mtu wa ng'ombe, huyo. Akarudia. Akapitisha kingine kwa kona, kikatoka nyekundu, akanusa. Akauliza ni nani huosha hii gari.

Akasema ameona gari zimepakwa rangi, zimepakwa matope, lakini gari imetiwa chumvi ikapigwa na kiwi ya viatu, ni ya kwanza. Imebaki soksi.

Hakuna mtu alicheka. Naliaka aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni mbuzi. Akasema, "Musila." Hiyo tu.

Saa tisa Datsun ikaondoka na mzee. Naliaka alibaki kwa geti akiangalia vumbi.

Jumatano, 21 Agosti

Sasa anatembea kwenda stage kupanda basi ya Kajiado. Anapita hapa asubuhi, anapita jioni. Haangalii upande wangu. Macharia amenipungia mkono kutoka ng'ambo. Sijamrudishia.

Kreti iko pale pale.

Ijumaa, 23 Agosti

Amesimama! Alikuwa na hasira, lakini amesimama. Akauliza mbona nilimfanyia hivyo. Nikakosa uongo, nikasema nilitaka akuje akae. Akasema si ningemwambia tu akuje, yeye Jumamosi hana pahali pa kwenda, hapa Kitengela hana mtu. Akaangalia kreti. Akainama, akapiga viatu vyake vyeusi na mkono vumbi itoke, akaenda.

Nimekaa nikiwaza hayo maneno mchana mzima. Viatu vyeusi. Polishi pia ninayo, niko na nyeusi. Mtu wa viatu anakaa chini mbele ya customer, karibu, na customer lazima akae kwa kreti.

Shida ni vumbi inatoka na mkono tu. Lakini udongo mweusi wa Kitengela ukiloa, hautoki hivyo.

Jumatatu mapema, kabla apite kwenda stage, namwaga maji kwa njia.

Kidogo tu.