Vita vya Esteri na Mwami Kutu wa Mashine ya Makere

Sogeeni, enyi wa Makere, nanyi mnaopita njia ya Kibondo, wasogee na wale wasemao tumezidi kulalamika! Tueni majembe, mfumbe midomo, kwani nawasimulia vita ambavyo redio haikuvitangaza, nayo redio hutangaza hata mafua ya wakubwa.

Palikuwa na mashine ya kusaga muhogo, mali ya kina mama wa kijiji, na juu yake alitawala Mwami Kutu, mla chuma, rafiki wa mvua, mfalme aliyevishwa joho jipya kila alipotajwa mgeni. Nayakumbuka majoho yote, wala msidhani nimesamehe. La bluu lilikuwa la mheshimiwa aliyeahidi umeme, akala mbuzi. La kijivu, la yule aliyeahidi daraja, akala mbuzi na supu yake. Jeupe tulimpakia yule aliyepita bila kushusha kioo cha gari. Kila mara tulipaka rangi juu ya kutu, tukapiga vigelegele, na Kutu humo ndani akaendelea kula.

Ndipo ikaja habari ya kutisha: Afisa Faudhia, mzaliwa wa Tanga aliyepangiwa wilaya yetu, atafika Alhamisi kuikagua mashine, na akiikuta imeoza itapandishwa kwenye lori la chuma chakavu. Mashine ikienda, kina mama wanarudi kwenye kinu na mchi.

Wanaume wakakaa baraza, wakatafakari kwa uzito mkubwa, wakasema, "Tuipige rangi." Shauri hilo wanalo tangu uhuru.

Akainuka Esteri Nduwayezu, mama yake Irakoze, mwenye viganja vya msasa, binti wa watu waliovuka mpaka na godoro moja wakalima hadi wakawa raia, akanguruma:

"Mwidiwe, wazee, nawasalimu! Huyu mwami mmemshonea kanzu tatu, mnampima ya nne? Mimi namvua nguo. Mwenye haya ageukie ukutani!"

"Sha, Mama Irakoze, utakuta mifupa mitupu," akamtania Castory, mwendesha mashine.

"Mifupa ndiyo niitakayo. Lete brashi ya waya, maneno baki nayo!"

Vita vikaanza. Esteri akashambulia kwa tindo, kwa brashi, kwa msasa. Likaanguka joho jeupe, likaanguka la kijivu, ahadi ya umeme ikapeperuka vipande vipande ikaingia machoni mwa Castory. Kutu akamwagika mwekundu kama damu ya maadui, hata jua lilipozama chuma kikang'aa, na Esteri akaenda nyumbani akikohoa kishujaa.

Asubuhi akaja na kopo la rangi. Lakini tazama! Rangi ikagoma. Ikajikunja, ikateleza, ikachuruzika hadi chini.

"Nani kaigusa hii?"

Akajitokeza Mzee Tharsisi, kifua mbele. "Mimi, mwanangu. Usiku nimeisugua yote kwa mawese, umande usiirudishie kutu. Jembe langu nalipaka hivyo, liko kama jipya."

"Baba, jembe lako linapakwa rangi?"

Mzee akafikiri. "Hapana," akasema, kifua kikashuka.

Siku ile ikaliwa na majivu, sabuni na matambara ya petroli. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ikashika jioni. Ya kijani ikapigwa Alhamisi asubuhi, na brashi ilikuwa bado mkononi mwa Esteri gari la Afisa lilipofika.

"Naambiwa huku mnapaka rangi juu ya kutu," akasema Afisa Faudhia. Hakungoja jibu. Akaegemeza kiganja kwenye mashine, akachukua ufunguo wa gari, akakwaruza. Kijani. Akakwaruza tena. Nyekundu. Akakaza mkono, na chini yake chuma, cheupe, kizima.

Akainua uso. "Hii haiendi popote. Sageni muhogo wenu."

Kisha akautazama mkono wake. Kijani hadi kwenye pete! Akatoka Mzee Tharsisi na kibuyu chake, akasema kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa, mawese hutoa rangi." Na kweli yakaitoa, na mzee akarudi mahali pake kifua kimepanda kuliko mwanzo.

Gari lilipoondoka, Castory akakimbilia brashi ili afute alama ya vidole vitano iliyobaki pale ubavuni.

"Usiguse!" akapaza sauti Esteri. "Akija mwingine na lori lake, ataonyeshwa mkono wa mwenzake."

Basi vizazi na vijue, na wale wa mbuzi na supu wajue zaidi: tuliahidiwa mkono wa serikali miaka mingi, na siku ile, kwa sababu ya Esteri Nduwayezu mvua-nguo-wafalme, mkono huo ulifika Makere, ukakauka hapo hapo.