Sweta la Svala na Paka wa Krismasi

Jumapili, 1 Desemba
Mdomo umeniponza. Nilikuwa kwa Steinunn, mama yake Svala, nakunywa kahawa kwa adabu zangu zote huku nikinyemelea mwaliko wa mkesha wa Krismasi. Mwaka jana nilikula mlo wa mkesha peke yangu: mimi, kopo la njegere na kengele za redioni. Sirudii! Svala akalalamika kwamba nondo wamelila sweta lake, na asiyepata nguo mpya kabla ya kengele za mkesha huliwa na Paka wa Krismasi. Ketill, yule fundi mitambo wa meli ambaye kila niendapo namkuta pale kajinyoosha kama kwake, akainua macho kwenye soksi aliyokuwa akifuma. Nikajua anataka kuniwahi. Nikadakia kwamba sweta nitafuma mimi. Steinunn akaniuliza kama nimewahi kufuma. Nikamjibu kuwa sisi wa kusini tunazaliwa na sindano mkononi.

Svala akanitazama. "Haya, Ormur. Nikilivaa kengele zikilia, kiti chako kipo. Nisipolivaa, kale na redio yako."

Nampenda. Sindano sijui hata inashikwa upande gani.

Jumanne, 3 Desemba
Ushindi! Gunia zima la sufu kwa bei ya kutupa, kutoka gereji ya marehemu mmoja ng'ambo ya ghuba. Wajinga ndio wanaonunua dukani. Sufu yenyewe ni ile isiyosokotwa, imeviringwa bapa kama chapati. Ketill, tulipokutana bandarini, aliuliza kwa upole kama gunia lilihifadhiwa pakavu. Wivu huo.

Jumamosi, 7 Desemba
Sufu hukatika nikiivuta. Hukatika nisipoivuta. Leo nilikohoa, ikakatika. Steinunn kaja kunionyesha dawa: unatemea mate kiganjani, unaweka ncha mbili, unasugua mpaka zishikane. Nimesugua na kutema tangu asubuhi, koo limekauka. Sweta hili sasa lina mate kuliko sufu. Svala asijue.

Ijumaa, 13 Desemba
Ugunduzi! Sindano nene kama vidole gumba. Kwa sindano hizi kazi inakwenda mbio, jana kiwiliwili, leo mkono mmoja. Nashangaa kwa nini akina mama hawa wanajitesa na vijisindano.

Ketill alipita jioni. Akasema vitanzi vimelegea, ni vizuri kufuma kipande kidogo kwanza na kukipima. Nikamwambia mpishi hodari hapimi chumvi kwa mizani. Akajitolea kunisaidia nakshi za shingoni. Thubutu! Mfukoni mwake niliona sufu ya kijivu, nilipochungulia akaifunika haraka. Anafuma sweta! La nani, kama si la Svala? Alipoondoka alinikodolea mabega kwa muda, kama fundi wa majeneza.

Alhamisi, 19 Desemba
Limekwisha! Nililipeleka dirishani katika zile saa chache za mwanga tunazopata Desemba. Nusu ya sufu niliyodhani ni kahawia nikifuma usiku ni kijani. Si neno, nitasema ni mtindo. Neno ni ukubwa. Nimelivaa, limefika magotini. Mimi na Svala tungeingia humo pamoja, wazo ambalo silichukii, ila si mezani kwa mama yake.

Jumapili, 22 Desemba
Akili ni mali. Sufu ikikutana na maji moto husinyaa, na sisi hapa maji moto yanatoka ardhini yakitokota, unafungua bomba tu. Kumbe tatizo langu lina dawa uani! Steinunn hufua masweta yake kwa maji vuguvugu, polepole, kama anamwogesha kichanga. Uoga wa uzee. Mimi nimelitumbukiza kwenye lile beseni kubwa la uani ninalojilowekea jioni, nikafungulia bomba la moto mpaka mwisho, nikakoroga kwa mpini wa koleo. Kisha nikaingia ndani mara moja kujipatia kahawa. Simu ikalia. Dada yangu. Dada yangu akishika simu haachii.

Jumatatu, 23 Desemba
Linamtosha mwanakondoo. Limekakamaa, nimeliweka mezani likasimama lenyewe. Na linanuka mayai viza, maana ndiyo harufu ya maji yetu. Nafuu moja: leo kila nyumba inapika samaki aitwaye taa, aliyeozeshwa, ndiyo desturi ya siku hii, mji mzima unanuka, pua za watu zimekufa ganzi.

Nililia kidogo. Kisha nikalifunga kwa karatasi nyekundu. Nitasema ndiyo fasheni ya kusini.

Jumanne, 24 Desemba
Ketill ndiye aliyenifungulia mlango, amevaa aproni ya Steinunn! Nikaona mambo yamekwisha. Svala alifungua karatasi.  Steinunn akanusa, akauliza kama nimewaletea kiporo cha jana. Svala akajaribu kulivaa, kichwa kikagoma kupita. Fasheni ya kusini ikanitoka kichwani. Redio ilikuwa imeshatulia kungoja kengele. Nikachukua koti langu.

"Nilitaka tu nisile peke yangu tena," nikasema. Sikuwa nimepanga kulisema hilo.

 Svala alichukua mkasi wa kunyolea kondoo, akaikata mikono ya sweta, chwa, chwa. Haikufumuka hata uzi, ilivyoshikana. Akakaa chini akaivuta miguuni, mmoja mmoja, mpaka chini ya magoti. Kengele zikaanza.

"Nimelivaa," akasema. "Rudisha koti, ukae."

Nikakaa.  Ndipo Ketill akanisukumia furushi. Sweta la kijivu, mabega yangu hasa! Alisema aliniona nahangaika na nguo ya mtu mwingine, akaogopa paka atanila mimi. Nikamshukuru, kisha nikauliza, kwa ustaarabu, yeye anafanya nini hapa mkesha wa Krismasi.

"Mwanangu asile kwangu, akale kwa nani?" Steinunn akasema.

Tumbo moja na Svala, baba mbalimbali! Mji mzima unajua. Hawakuniambia kwa sababu sikuuliza. Nimemchukia mtu tangu Mei, tena kwa bidii, bure kabisa.

Alhamisi, 26 Desemba
Nimevaa sweta la Ketill siku nzima. Lina joto, siwezi kukataa. Nimelikagua kwa taa, kuna kitanzi kimoja kwapani kimelegea. Leo nitalala vizuri.

Mchungaji alimshika Svala mkono muda mrefu mno pale mlangoni mwa kanisa. Huyo nitamwangalia.

Na gunia bado nusu! Nimemwahidi Steinunn blanketi la siku yake ya kuzaliwa, Februari. Alisema asante, hakuna haja. Alisema mara mbili, mama wa watu, mnyenyekevu sana. Ketill amejitolea kwenda nami dukani kuchagua sufu nzuri, lakini siwezi kutupa mali. Hii yangu inakwaruza kidogo tu, na dawa yake ninayo: ikifumwa, ilale kwenye maji moto ilainike.

Kosa langu lile nimeligundua. Safari hii simu nitaizima.